Rafadha ya Mwendo na Rafadha ya Kuvuta

(Maneno haya yalisemwa na ndugu yetu mmoja, fundi wa mashini za boti, mbele ya mkutano wa wanachama wa pwani. Tumeyaandika kama alivyoyasema. – Mhariri)



Nimeombwa niseme habari ya rafadha, na nusu saa ndiyo niliyopewa. Ndugu wa bandarini msinikasirikie, leo sisemi juu ya meli. Nasema juu ya boti ndogo za mahoteli na za vilabu, zile zinazovuta mtu aliyesimama juu ya ubao, akirukaruka mawimbi yanayoachwa na tezi ya boti. Wageni wanauita mchezo huo weikibodi. Vijana wetu wanakula mkate wao kwa kazi hiyo hapa pwani, na wachache wako Naivasha.

Sikuja kuwafundisha mchezo. Mimi mwenyewe nilipanda ubao ule mara moja tu, na maji niliyokunywa siku ile yalinitosha. Nimekuja kwa sababu ya karatasi ya mshahara.

Mwanachama wetu mmoja alikuwa dereva wa boti katika hoteli moja. Tajiri wake alikuwa amenunua boti ya fiba ya futi 18, yenye mashini ya nje ya nguvu za farasi 90. Boti ilikuja na rafadha yake, na hakuna aliyeiuliza habari zake. Mwezi wa kwanza mafuta yakapita hesabu ya ofisi. Mwezi wa pili vile vile. Mwezi wa tatu kijana akaitwa akaambiwa kwamba anauza petroli ya hoteli usiku. Akakatwa mshahara. Mwezi uliofuata akakatwa tena, na safari hii akaambiwa kwamba mashini nayo inatoa moshi kwa sababu yeye hajui kuendesha. Alikuja kwangu hana nauli. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hatujamjibu mtu, twende kwanza tukaitazame rafadha."

Tuliikuta ya alumini, mapanga matatu, na kwenye kitovu chake imechongwa namba mbili: 13¼ na 17. Ndugu zangu, wengi wenu mmeziona namba hizo miaka yote, na mkidhani ni namba za kiwanda. Namba ya kwanza ni upana wa duara ambalo mapanga hulichora yakizunguka, kwa inchi. Namba ya pili ndiyo inayokula mishahara yenu. Mafundi wanaiita pichi. Maana yake ni hii: parafujo ukiikaza katika mti, kila mzunguko mmoja inaingia kiasi fulani. Na rafadha vivyo hivyo. Kama maji yangekuwa magumu kama mti, rafadha ya pichi 17 ingekwenda mbele inchi 17 kila izungukapo mara moja.

Lakini maji si mti. Yanakimbia, na rafadha inateleza kidogo. Kwa boti nyepesi inayokwenda vizuri, mtelezo ni kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Boti ikiwa nzito, au ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuondoka, mtelezo unakuwa mkubwa sana.

Hesabu yake hata mtoto wa shule ataifanya. Mashini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia yake ikipunguza kwa nusu, rafadha inazunguka mara 2,500. Zidisha kwa inchi 17. Utapata inchi 42,500 kwa dakika, nayo ni karibu kilometa 65 kwa saa. Toa mtelezo, utabaki na 55 au 57. Sasa niwaulize: mtu wa ubao anavutwa kwa mwendo gani? Mchezaji wa kawaida anataka kilometa 30 mpaka 37 kwa saa, na anayejifunza hapungukiwi na kitu akivutwa kwa 27. Basi rafadha ile ilikuwa imekatwa kwa mwendo ambao kijana yule hakuuhitaji hata siku moja katika kazi yake.

Wauzaji wanapenda kuweka pichi kubwa. Mnunuzi anakuja dukani, anapanda boti tupu na muuzaji, wawili tu, bahari shwari; boti inaruka, na mkono unaingia mfukoni. Hakuna anayemwambia kwamba kesho boti hiyo itabeba watu watano, tangi limejaa, mifuko ya maji imewekwa tezi ili wimbi liwe kubwa, na nyuma kuna mtu wa kilo 90 amekaa ndani ya maji akingoja kuinuliwa.

Hapo ndipo boti hizi zinapotofautiana na zile za ski. Mchezo wa kuvutwa juu ya maji ulianza Marekani mwaka 1922, kijana Ralph Samuelson alipojaribu mbao zake katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Watu wa ski wanataka mwendo, na wanataka wimbi dogo lisiwarushe. Mabingwa wanaume wa ski moja wanavutwa kwa kilometa 58 kwa saa. Kisha miaka ya 1980 Tony Finn wa California akatoa ubao wake, Skurfer, na mambo yakageuka. Mtu wa ubao anataka mwendo mdogo na wimbi kubwa. Wimbi kubwa ni uzito. Boti za Kimarekani zilizoundwa makusudi kwa mchezo huu zinabeba matangi ya maji, na nyingine zinafika tani moja na kupita, ya maji matupu ya kuzamisha tezi. Na rafadha zake ni za mapanga manne, pana, pichi fupi.

Tazameni tagi pale Kilindini. Ni chombo kifupi, lakini kinaisukuma meli iliyojaa makontena. Rafadha ya tagi ni pana na pichi yake ni fupi kwa upana wake; inashika maji mengi na kuyasukuma polepole. Au mtazameni dereva wa lori anapopanda Mazeras na mzigo. Je, anaweka gia kubwa? Akiweka, lori litalia na kufa njiani. Boti haina gia za kubadilisha. Gia yake ni rafadha, na ukiifunga asubuhi umeifunga kwa siku nzima.

Waingereza walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1845 walikuwa wakibishana kama rafadha ni bora kuliko magurudumu ya makasia ya ubavuni. Walizishindanisha mbio meli mbili zenye nguvu karibu sawa, Rattler ya rafadha na Alecto ya magurudumu. Ubishi haukwisha kwa mbio. Wakazifunga tezi kwa tezi kwa kamba, kila moja ivute kwake. Rattler akamburuta Alecto kinyumenyume, huku magurudumu yake yakipiga maji bure. Napenda hadithi hiyo kwa sababu ya ile kamba. Kitu cha kuvuta kipimwe kikivuta.

Basi tukaenda katika hori ya Mtwapa kupima. Nilikuwa nimeazima rafadha mbili kwa rafiki yangu: moja ya mapanga matatu, pichi 15, na nyingine ya mapanga manne, pichi 13. Tulipima siku moja, kwa watu wale wale watano, mifuko ile ile ya maji, na mchezaji yule yule kwenye kamba. Kila rafadha tuliiendesha kwenda na kurudi, maana hori ina mkondo, na ukipima unaposhuka na maji peke yake utajidanganya. Kijana mmoja alishika saa, mwingine aliandika.

Mashini ile, kitabu chake kinasema ifikapo mwisho wa mafuta izunguke kati ya mara 5,000 na 6,000. Shikeni neno hilo, ndilo la maana kuliko yote nitakayosema. Ile ya pichi 17, mkono wa mafuta mpaka mwisho, ilifika 4,600 ikagoma. Ile ya 15 ilifika 5,000, yaani iligusa mlango tu. Ile ya mapanga manne ilifika 5,300.

Kutoka kusimama mpaka kilometa 30 kwa saa, ya 17 ilitumia sekunde 11. Sekunde 11, ndugu zangu, mtu ananing'inia kwenye kamba, maji yanampiga usoni, mikono inauma. Mara mbili aliachilia kabla hajasimama. Ya 15 ilitumia 8. Ya mapanga manne ilitumia 5, na mchezaji alisimama kabla hajajua kama ameondoka.

Sasa mafuta. Wengine watasema: rafadha fupi inazungusha mashini zaidi, itakula zaidi. Ni kweli ukisafiri. Ukichukua wageni kutoka hapa mpaka mbali, boti nyepesi, mwendo mmoja, pichi ndefu kidogo itakufaa, wala usiibadilishe. Lakini kazi ya ubao si safari. Ni kuondoka, kuanguka, kuzunguka, kuondoka tena, pengine mara 20 kwa saa. Kila kuondoka ni mafuta yote wazi. Ukiondoka kwa sekunde 11 badala ya 5, na mchezaji akaachilia kamba ukarudia, hesabu unaiona mwenyewe. Kwa saa moja ya kazi ile ile, ya 17 ilikula lita 24, ya mapanga manne ikala 20. Hizo lita nne ndizo alizoambiwa kijana kwamba anaziuza usiku.

Na ule moshi? Mashini iliyofunguliwa mafuta yote na haiwezi kufika mizunguko yake inabebeshwa mzigo kuliko nguvu zake. Inapata joto, inashika masizi, na mwisho pistoni zinaumia. Iko pia hatari ya upande wa pili: rafadha fupi mno juu ya boti tupu itaifanya mashini ipite mizunguko yake. Ile ya 13 tulipoijaribu bila mzigo ilifika 6,000 mapema, na ikabidi kurudisha mkono. Kwa hiyo hakuna rafadha njema peke yake. Iko njema kwa mzigo fulani. Kwa kukisia, kila inchi moja ya pichi ukipunguza, mashini inaongeza mizunguko 150 mpaka 200. Ukijua hivyo huna haja ya kununua rafadha tano ili kuipata moja.

Juu ya mapanga matatu na manne nitasema kidogo. Panga la nne linaongeza eneo la kushika maji. Boti haipotezi nguvu katika kona, inatulia, haitetemeki sana, na inakaa juu ya maji hata kwa mwendo mdogo. Mwendo wa mwisho unapungua kidogo. Kwa kazi yetu hasara hiyo si hasara.

Tena kuna ukingo. Rafadha nyingine, ukipitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa panga, utaona umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo unashika maji yasikimbie, hasa boti inapoinua omo na rafadha inapovuta upepo kutoka juu. Mkunjo unazidisha mzigo kama vile umeongeza pichi, kwa hiyo rafadha mbili za 13 zaweza zisiwe sawa. Namba ya kitovuni haisemi yote. Saa ya mizunguko ndiyo inayosema.

Madini. Wageni watawaambia mnunue ya chuma cha pua. Ni kweli panga lake ni jembamba na gumu, halipindi chini ya nguvu, na linakwenda vizuri. Lakini sisi tuna mwamba na matumbawe, na siku za bamvua maji yakipwa hujui mwamba uko wapi mpaka uugonge. Alumini ikigonga, inapinda au inakatika panga, na hasara ni rafadha. Chuma kikigonga hakipindi. Pigo linapanda juu mpaka kwenye gia. Raba iliyo ndani ya kitovu imewekwa ili iteleze na kuokoa gia, lakini si kila siku itaokoa. Kwa mahali petu, mimi nachagua alumini, na ya akiba chini ya kiti. Na raba hiyo ikishateleza mara moja, mashini italia juu na boti haitakwenda. Dereva atalaumiwa kwamba ameua mashini, na kumbe ni raba. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani mpaka cha nje. Mistari ikiachana, umejua.

Ndugu wa Naivasha wamenitumia swali. Wamesema boti yao ilitoka Mombasa, ilikuwa na nguvu, na sasa haina. Hakuna aliyeiroga. Ziwa lile liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na mashini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kila mita 300. Mmepoteza karibu sehemu moja ya tano. Farasi 90 mmeondoka nao Mombasa, farasi 73 wamefika. Jaribuni pichi 11, muitazame saa. Tena mjihadhari na kingo: tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, nyua na miti mingi ilizama. Seng'enge ikijifunga kwenye rafadha hakuna hesabu itakayowasaidia. Juu ya viboko sina neno, ninyi mnawajua kuliko mimi.

Sasa nina jambo moja la hatari, na hapa sitaki kicheko. Kuna mchezo mwingine unaoletwa na vijana wageni, wa kupanda wimbi karibu kabisa na tezi, kisha mtu anaachilia kamba. Wanauona katika picha za Marekani wanawaambia, "Dereva, tufanye hivyo." Mtu wa weikibodi yuko mbali, kamba yake ni mita 18 mpaka 23. Huyu wa wimbi yuko hatua chache tu kutoka kwenye boti. Katika boti zile za Kimarekani rafadha iko chini ya tumbo la boti, imefichwa mbele ya usukani. Na Volvo Penta wanauza mtambo ambao rafadha zake zinatazama mbele, zimeingia chini. Boti zenu zina mashini ya nje, rafadha iko nyuma kabisa, wazi. Akianguka mbele anaangukia mapanga. Kataeni. Tajiri akisema mgeni amelipa, kataeni, halafu mje hapa mseme.

Na mnapomchukua mtu majini, zimeni mashini. Nimesema zimeni. Kuitoa gia hakutoshi. Mkono hugongwa na goti la abiria, gia ikaingia. Mimi nilimwona mtu mmoja aliyekatwa mguu namna hiyo, zamani. Sitaki kumsimulia.

Nirudi kwa kijana wetu. Yale tuliyoyaandika Mtwapa, mizunguko, sekunde na lita, tuliyanakili kwenye karatasi moja, mwakilishi wetu akaenda nayo ofisini pamoja na kitabu cha mashini, ukurasa umekunjwa pale penye 5,000 na 6,000. Akawasomea pia Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Tajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Rafadha iliyochaguliwa na muuzaji na kununuliwa na tajiri, makusudi ya dereva yako wapi?

Walibishana siku mbili. Meneja akasema karatasi si ya mhandisi. Mwakilishi akamwambia aje mwenyewe apande boti, ashike saa. Alikuja, nasema haki yake, alivua viatu akapanda. Rafadha ya mapanga manne ikanunuliwa wiki ile. Fedha za mwezi mmoja zikarudishwa. Za mwezi wa pili bado wanasema wanatafuta hesabu, na chama kinawakumbusha.

Kwa hiyo kila dereva awe na daftari. Aandike namba za rafadha, watu wangapi, mifuko mingapi ya maji, mizunguko mkono ukiwa mwisho, sekunde za kuondoka, lita za asubuhi na za jioni. Boti isiyo na saa ya mizunguko, mwambieni mwakilishi wenu aidai. Bila saa hiyo mnaendesha kwa masikio, na masikio hayapelekwi ofisini kuwa ushahidi.

Ndugu aliyeniuliza pale mlangoni juu ya rafadha aliyoiokota, iliyopinda panga moja: usiifunge, itakula beringi za mashini. Nitakuwa kwenye karakana Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Mje na rafadha zenu, hata zilizovunjika, na mwenye mizani nzuri aje nayo, maana yangu imeharibika.